Upasuaji wa Kurekebisha Umbo: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Kindu na Anayemuuguza

Anayewaza kurekebishwa kovu, sikio, tumbo au matiti huanza kwa kuuliza bei. Wewe anza na swali jingine: siku ya kumi baada ya upasuaji, nani atabadilisha bendeji yangu, na wapi? Daktari humaliza kazi yake kwa saa chache. Ngozi huhitaji wiki kadhaa ili ishikamane, na kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kazi safi ya chumba cha upasuaji huharibikia nyumbani: bidoni la maji limeinuliwa mapema, pikipiki imepita kwenye mashimo, au homa imeitwa malaria huku usaha unajikusanya chini ya bendeji.

Kwa mkaaji wa Kindu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mtaalamu wa upasuaji huu mara nyingi yuko mji mwingine, na kati yenu kuna ndege, treni au mto. Basi panga wiki za kupona kwanza. Tarehe ya upasuaji itafuata.

1. JE, TATIZO LANGU LINAHITAJI KISU?

Upasuaji huu una pande mbili. Upande mmoja ni kurudisha kilichoharibika: mkono uliokunjwa na moto, mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa, jeraha la risasi au panga. Upande wa pili ni kupendezesha: tumbo, matiti, pua, makalio. Ni vizuri ujue uko upande gani. Upande wa kwanza yapo mashirika yanayoweza kugharimia. Upande wa pili utalipa mwenyewe, na hakuna haraka yoyote. Ukiambiwa "njoo kesho, bei itapanda," ondoka.

Keloidi (kovu linalovimba na kupita mipaka ya jeraha). Hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, hasa sikioni palipotobolewa, kifuani na mabegani. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na huweza kurudi kubwa kuliko ilivyokuwa. Uliza kwanza kuhusu sindano za triamsinoloni zinazochomwa ndani ya kovu mara kadhaa, wiki chache kati ya moja na nyingine. Ikibidi kukatwa, uliza sindano hizo au kifaa cha kubana sikio vitaanza lini baadaye.

Kovu la moto lililokunja kiungo. Mtoto aliyeangukia mbabula au kumwagikiwa chungu cha moto hupona kidole kikiwa kimekunjika, au kidevu kimeshikana na kifua. Daktari huweza kusubiri miezi kadhaa ili kovu lilainike. Lakini jicho lisilofunga na shingo isiyoinuka havisubiri, peleka mapema. Kama kidonda cha moto bado kibichi, usimwache mtoto alale kiungo kikiwa kimekunjwa kwa kuwa ndivyo asivyosikia maumivu. Mwombe muuguzi amfunge kibao cha kukinyoosha.

Mdomo au kaakaa iliyopasuka. Si laana wala kosa la mama. Kipimo cha zamani ambacho madaktari wengi bado wanakitumia kwa mdomo ni hiki: mtoto awe na wiki 10, uzito wa kilo 4.5 hivi, na hemoglobini isiyopungua 10. Kaakaa hushonwa baadaye, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18. Kazi yako hadi siku hiyo ni kumnenepesha: mkamulie maziwa, mnyweshe kwa kikombe kidogo au kijiko akiwa ameketishwa.

Tumbo lililolegea baada ya uzazi. Ngoja miezi isiyopungua 6 baada ya kujifungua, na uwe umemaliza kuzaa, maana mimba nyingine itarudisha kila kitu nyuma. Hakikisha pia daktari amekupima ngiri ya kitovu, kwa kuwa hiyo ni ugonjwa unaohitaji tiba yake.

Matiti. Kupunguza matiti yanayoumiza mgongo na mabega ni tiba halali. Madaktari wengi hutaka upite muda wa miezi kadhaa tangu uache kunyonyesha. Ukigusa uvimbe wowote, habari ya urembo isimame hadi upimwe.

2. NIENDE WAPI?

Anzia nyumbani. Kituo cha afya cha mtaa wako, kisha Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kindu, ndipo mahali pa kupata vipimo, ushauri wa kwanza na karatasi ya transferi. Uvimbe mdogo wa mafuta au kovu jepesi huweza kuishia hapo. Karatasi hiyo ina thamani hata kama utasafiri, kwa kuwa ndiyo itakayokufungulia mlango utakaporudi na kidonda.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa Maniema walitazama mashariki: hospitali ya HEAL Africa ya Goma, na Panzi ya Bukavu, hospitali aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999 na ambayo sifa yake kubwa ni kuwatibu wanawake waliojeruhiwa kwa ubakaji. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, njia hizo ziliharibika na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Usinunue tiketi kwa kufuata habari za zamani. Piga simu hospitalini kwanza, uulize njia, uulize pia kama daktari mwenyewe yupo. Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi zina hospitali za chuo kikuu ambazo daktari wako wa Kindu anaweza kuziandikia.

Kwa mdomo uliopasuka, uliza kuhusu Smile Train, shirika lililoanzishwa mwaka 1999, linalogharimia upasuaji katika hospitali washirika za nchi nyingi, Kongo ikiwa mojawapo. Mgonjwa halipi upasuaji wenyewe. Uliza mapema nani analipa safari na chakula.

Wakati mwingine daktari ndiye anayesafiri. Huo ni utamaduni wa zamani katika Afrika Mashariki: shirika la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji huuhuu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walioona kwamba mgonjwa wa mbali hafikiwi ila kwa ndege. Timu ya wageni ikija karibu nawe, usiogope kwenda. Ila uliza jambo moja kabla ya kuandikisha jina: wakiondoka Jumamosi, kidonda changu kitamkuta nani Jumatatu?

ONYO: VITU VINAVYOUZWA KWA JINA LA UREMBO

- *Sindano za kukuza makalio au matiti.* Silikoni ya maji ikishaingia mwilini husambaa, na hakuna njia rahisi ya kuiondoa yote. Huweza kuoza nyama, kuingia kwenye mishipa ya damu na kufika mapafuni. Ni hatari hata miaka baadaye.
- *Mafuta ya mwili kuhamishiwa makalioni.* Hata mikononi mwa mtaalamu, huu umekuwa miongoni mwa upasuaji wa urembo wenye vifo vingi zaidi, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa huziba mapafu. Usifanyiwe nyumbani, saluni wala hotelini.
- *Vidonge vya kunenepesha.* Vingi ni deksametazoni au siproheptadini. Deksametazoni huchelewesha kidonda kupona, hupandisha sukari, na mwili ulioizoea huweza kuzimia wakati wa upasuaji. Kama umeimeza, mwambie daktari. Usiikate ghafla kwa uamuzi wako.
- *Mkorogo na krimu za kung'arisha.* Zenye kortizoni huifanya ngozi kuwa nyembamba, nyuzi zikaikata kama karatasi iliyolowa. Mwambie daktari krimu unayopaka na tangu lini, ndiye atakayekupangia namna ya kuiacha kabla ya upasuaji.
- *Vipande vya Maggi vinavyoingizwa sehemu ya haja kubwa.* Havikuzi makalio. Vinaunguza utumbo.

3. HATUA 8 KABLA YA KUKUBALI TAREHE

1. Andika unachotaka kwa sentensi moja. "Nataka mkono unyooke nishike jembe" ni lengo linalopimika. "Nataka niwe mzuri" halipimiki, na hakuna daktari anayeweza kukupa. Kama unafanya hivyo ili mume au mchumba asiondoke, ahirisha.
2. Pata vipimo. Hemoglobini, kundi la damu, sukari, presha, VVU, na ujauzito kwa mwanamke. Uliza hasa kuhusu damu ya SS (selimundu), ambayo ni ya kawaida nchini mwetu: mgonjwa wa SS huweza kufanyiwa upasuaji, lakini daktari wa usingizi lazima ajue mapema.
3. Toa siri za dawa. Taja aspirini, dawa za miti shamba, vidonge vya uzazi wa mpango, pombe, tumbaku. Aspirini huongeza kutoka kwa damu, na athari yake hukaa wiki moja au zaidi.
4. Acha sigara wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Moshi hubana mishipa midogo, na ngozi iliyoshonwa ikikosa damu hufa.
5. Jenga damu na mwili. Kula maharagi, sombe, samaki wa Lualaba, karanga, mayai. Wali mtupu haujengi ngozi. Lala ndani ya chandarua ili malaria isikumalizie damu.
6. Hakiki daktari. Uliza jina lake kamili na namba yake katika Ordre des Médecins. Omba kuona picha za wagonjwa wake mwenyewe, za kabla na za mwaka mmoja baadaye.
7. Hesabu bei yote. Upasuaji, usingizi, kitanda, dawa, bendeji za mwezi mzima, safari ya watu wawili, chumba cha kupanga karibu na hospitali, na akiba ya kurudi chumba cha upasuaji mara ya pili. Kama akiba haipo, fedha hazijatosha.
8. Mchague anayekuuguza. Awe mtu mzima asiyeogopa damu, atakayebaki nawe angalau wiki 2. Kama una watoto wadogo, tafuta pia atakayewalea.

SANDUKU: MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

- Nikiacha bila kufanya, nini kitatokea?
- Kovu jipya litakaa wapi na litakuwa na urefu gani?
- Ni dawa ya ganzi au ya usingizi kamili? Nani atanilaza?
- Umefanya upasuaji huu mara ngapi, na madhara gani uliyaona?
- Nitalala hospitalini siku ngapi? Nibaki mjini siku ngapi?
- Nikirudi Kindu nikapata homa, nimpigie nani?

Karatasi ya ridhaa kwa kawaida imeandikwa kwa Kifaransa. Usitie saini wala kidole kabla hujaelezwa kwa Kiswahili kila mstari, mbele ya mtu wako. Una haki ya kusema hapana hata ukiwa tayari kwenye machela.

4. SIKU YENYEWE

- Chakula cha mwisho kiwe saa 6 kabla ya usingizi. Maji matupu saa 2 kabla. Maziwa ya mama kwa mtoto saa 4. Sababu ni hii: aliyelazwa kwa dawa akitapika, chakula huingia mapafuni. Kuficha kwamba "nimekula kidogo tu" ndiko kunakoua.
- Oga kwa sabuni asubuhi. Usinyoe mwenyewe kwa wembe mahali patakapopasuliwa, maana wembe huacha vidonda vidogo vya kuingizia vijidudu.
- Ondoa hereni, rangi ya kucha, nywele za kubandika zenye chuma, na meno ya bandia.
- Mkumbushe daktari akuchoree alama kwenye ngozi kabla hujalala.

5. KUPONA: NINI CHA KUTARAJIA

Siku 1–3. Uvimbe huongezeka na kufikia kilele siku ya 2 au ya 3. Usitishike na kioo. Inua sehemu iliyopasuliwa kwa mto. Amka utembee hatua chache siku hiyohiyo au kesho yake kama umeruhusiwa, ili damu isigande miguuni. Kwa maumivu, mtu mzima huweza kumeza parasetamoli ya mg 500 vidonge 2 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku. Angalia dawa za mafua zisiwe na parasetamoli ileile.

Siku 4–14. Huu ndio wakati wa maambukizi kujitokeza. Nyuzi za usoni kwa kawaida hutolewa siku ya 5–7, za kichwani siku ya 7–10, za tumbo, kifua na mikono siku ya 10–14, za miguuni karibu siku ya 14.

Ngozi iliyopandikizwa. Bendeji ya kwanza hufunguliwa na hospitali, mara nyingi karibu siku ya 5. Usiifungue wewe. Ngozi mpya inaweza kuonekana ya zambarau na imejaa vitundu kama kimia cha samaki. Ndivyo ilivyo. Pajani ilipotolewa ndipo panapouma zaidi, na hupona kwa wiki 2 hivi.

Wiki 3–6. Ngozi inaonekana imefunga na wewe unajiona mzima. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Baada ya wiki 6 kovu bado lina takriban nusu tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida, na halitaifikia kamwe kikamilifu. Aliyepasuliwa tumbo asibebe bidoni la lita 20, asitwange, asilime, asibebe mtoto mgongoni kabla ya wiki 6 kutimia na daktari kuruhusu.

Mwezi 2 hadi mwaka 1. Kovu huwa gumu, jeusi au jekundu, linawasha. Ni kawaida. Likishafunga kabisa, lisugue taratibu kwa vaselini dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku. Likinge na jua. Kovu lisihukumiwe kabla ya mwaka.

Safari ya kurudi. Usipande treni ya siku nyingi wala pikipiki ukiwa na mrija au nyuzi za tumbo. Kwenye ndege au gari, simama au zungusha vifundo vya miguu kila saa. Kama unaishi Alunguli na kidonda kinabadilishwa upande wa Kasuku, jaribu kupanga ng'ambo hiyo hadi nyuzi zitoke. Kuingia na kutoka mtumbwini kunakaza tumbo na kulowesha bendeji kila mara.

6. KUBADILISHA BENDEJI NYUMBANI

Fanya hivi ikiwa tu umeruhusiwa, na muuguzi amekuonyesha mara moja.

1. Chemsha maji nusu lita kwa dakika 10, tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi, funika yapoe. Yatumie siku hiyohiyo.
2. Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye kiwiko. Funga nywele. Fukuza kuku na watoto.
3. Bendeji ikigoma, usiivute. Iloweshe kwa maji yale, subiri dakika kadhaa, itatoka yenyewe pamoja na damu kavu.
4. Tazama kabla ya kuosha: rangi, uvimbe, harufu. Nusa bendeji ya zamani. Harufu ya damu si tatizo, harufu ya kuoza ni tatizo.
5. Safisha kutoka katikati ya kidonda kwenda nje, kila shashi mara moja tu.
6. Kausha kwa kupapasa, weka shashi safi, funga bila kubana.
7. Choma bendeji ya zamani. Nawa tena.
8. Piga picha kwa simu kila mara, mwanga uleule. Picha za siku 5 mfululizo zitamwambia daktari wa mbali zaidi ya maneno yako.

7. DALILI ZA HATARI

Nenda hospitali sasa hivi, hata usiku:
- damu inayopenya bendeji baada ya kuikandamiza dakika 10;
- kupumua kwa shida au kifua kuchoma ghafla;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu;
- ngozi kuwa baridi na nyeusi, au kidonda kufunguka;
- taya kukaza.

Nenda siku hiyohiyo:
- wekundu au joto linalosambaa, usaha, harufu mbaya;
- maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya 3 badala ya kupungua;
- joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi.

Kuhusu homa: hapa kwetu kila homa huitwa malaria. Baada ya upasuaji, fanya mambo mawili kwa pamoja: kipimo cha haraka cha malaria, na kufungua bendeji ili kidonda kitazamwe. Kipimo kikionyesha malaria, kidonda bado kitazamwe. Mtu huweza kuwa na vyote viwili.

8. MAKOSA YA KAWAIDA

- Kufungua kapsuli ya antibiotiki na kumwaga unga kidondani. Unga hufanya gamba, usaha unabaki chini.
- Kupaka mawese, dawa ya meno, majivu au majani.
- Kukanda kwa maji moto kama mzazi. Ngozi iliyopasuliwa au kupandikizwa haina hisia kamili na huungua bila wewe kujua.
- Kuoga mtoni kabla kidonda hakijafunga.
- Kukatiza antibiotiki siku ya 3 na kumpa ndugu zilizobaki.
- Kujificha kwa aibu. Aliyefanyiwa upasuaji wa urembo kwa siri huchelewa kusema kidonda kimeoza. Mwambie angalau mtu mmoja.

9. MASWALI MENGINE

Nitaswali vipi na bendeji? Usiloweshe bendeji. Dini ina ruhusa kwa mgonjwa, ya kupangusa juu ya bendeji au kutayamamu, na ya kuswali ukiwa umeketi. Mwulize shehe wako. Upasuaji usio wa haraka usiuweke ndani ya Ramadhani, maana mwili unaopona unahitaji kula na kunywa mchana.

Tendo la ndoa? Baada ya upasuaji wa tumbo au matiti, subiri wiki 3 hadi 6, kadiri daktari atakavyosema. Mweleze mume au mke kabla, mkiwa wote mbele ya daktari ikiwezekana.

Mtoto aliyeshonwa mdomo anyonye lini? Wengi huruhusiwa mapema. Mzuie asijikune: mfunge vibao vyepesi viwikoni visivyobana, na kila siku vifungue kwa zamu akunje mkono.

Nikichukia matokeo? Subiri uvimbe uishe, miezi 6 angalau. Kisha rudi kwa daktari yuleyule na picha zako. Kurekebisha mapema hukata ngozi ambayo bado ina uvimbe.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUONDOKA KINDU

☐ Lengo langu limeandikwa, na daktari amekubali linawezekana
☐ Vipimo vyote viko kwenye bahasha moja, pamoja na karatasi ya transferi
☐ Nimetaja krimu, vidonge na miti shamba ninayotumia
☐ Nimepiga simu: daktari yupo, njia iko wazi
☐ Fedha za kurudi chumba cha upasuaji mara ya pili zipo
☐ Anayeniuguza amekubali wiki 2, watoto wana mlezi
☐ Muuguzi wa Kindu atakayebadilisha bendeji anajulikana kwa jina
☐ Namba mbili za simu za hospitali zimeandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake
☐ Kazi nzito za wiki 6 zimepewa mtu mwingine

Kisanduku kimoja kikibaki kitupu, sogeza tarehe mbele.